Deni la Nani? Kutenganisha wajibu wa mzazi, mwanafunzi na serikali katika shule ya umma

Shule ya umma ikikwama, mzozo huonekana mmoja kumbe madeni ni matatu. Chaki zimeisha kwa sababu ruzuku haijaingia. Kioo cha dirisha kimevunjwa na mwanafunzi. Mzazi fulani hajatoa mchango wa mlinzi. Yote hayo yakijadiliwa kwa pamoja katika kikao kimoja, mwisho wake unajulikana: mtoto ambaye hakuvunja kioo, wala hana mamlaka yoyote juu ya hazina, anarudishwa nyumbani akalete hela.

Mwongozo huu ni wa mzazi au mlezi, na wa mjumbe wa kamati au bodi ya shule, anayetaka kila mhusika abebe mzigo wake. Majina ya ofisi na fomu hutofautiana kati ya nchi na nchi, lakini njia ya kufuatilia haitofautiani sana.

Anza na karatasi yenye safu tatu

Kabla ya kuandika barua au kumgombeza mtoto, chukua karatasi uichore safu tatu: serikali, mzazi, mwanafunzi. Kila lalamiko liingie kwenye safu moja tu. Swali la kukuongoza ni hili: nani hasa alikuwa na uwezo wa kulizuia jambo hili?

Dawati limechongwa kwa wembe: safu ya mwanafunzi. Dawati la watu watatu limekatika mguu kwa kukaliwa na watano: safu ya serikali, hata kama limekatika akiwa amekaa mwanao. Mtoto wa miaka saba anafika saa ya pili kila siku kwa sababu nyumbani wanaamka wamechelewa: mzazi. Kijana wa miaka kumi na tano anatoka nyumbani mapema na bado anafika somo la kwanza limekwisha: hilo ni lake mwenyewe, na asitafutiwe wakili.

Mgawanyo huu una msingi wa kisheria. Kifungu cha 28 cha Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Mtoto, uliopitishwa mwaka 1989, kinataka elimu ya msingi iwe ya lazima na ipatikane bure kwa wote, na nidhamu ya shuleni isimamiwe kwa namna inayolinda utu wa mtoto. Neno “bure” ni deni la serikali. Neno “lazima” linamgusa mzazi pia, na ndiyo maana nchi nyingi zina sheria ya kumwadhibu mzazi asiyempeleka mtoto shule. Nidhamu inamhusu mwanafunzi, lakini ina mpaka wake.

Fedha: jua kwanza zipi zinapita shuleni

Wazazi wengi husikia bajeti ya elimu ikisomwa, kisha wanatazama paa linalovuja na kuhitimisha kwamba zimeliwa. Huenda zimeliwa kweli, ila usianzie hapo. Sehemu kubwa ya bajeti ya elimu karibu kila mahali ni mishahara, na katika nchi nyingi mishahara hulipwa moja kwa moja kutoka serikali kuu au mamlaka ya eneo bila kupita kwenye akaunti ya shule. Mwalimu mkuu hawezi kukuonyesha kitu ambacho hakijapita mikononi mwake.

Zinazopita shuleni kwa kawaida ni za aina nne: ruzuku ya uendeshaji inayokokotolewa kwa idadi ya wanafunzi, fedha za miradi kama ujenzi wa vyumba au vyoo, michango ya wazazi na wafadhili, na mapato ya shule yenyewe, kwa mfano kukodisha ukumbi au uwanja. Kila aina iwe na hesabu yake. Fedha za mradi zikichanganywa na za uendeshaji kwenye daftari moja, hakuna mkaguzi, sembuse mzazi, atakayejua choo kimegharimu kiasi gani.

Ruzuku ndiyo ya kushughulikia kwanza kwa sababu ina kanuni ya wazi: kiwango kwa kila mwanafunzi mara idadi ya wanafunzi. Chukua mfano. Kiwango ni 100 kwa mwanafunzi kwa mwaka, na leo shule ina wanafunzi 640. Ilitakiwa zije 64,000. Taarifa ya benki inaonyesha 47,200. Pengo ni 16,800, na hapo ndipo kelele huanza.

Punguza kelele, uliza maswali mawili. La kwanza: ruzuku ilikokotolewa kwa wanafunzi wangapi? Takwimu za uandikishaji hukusanywa kwa tarehe maalumu, mara nyingi miezi kadhaa kabla ya fedha kutoka. Ikiwa siku hiyo shule ilikuwa na wanafunzi 590, stahili ya kwenye makaratasi ni 59,000. Hapo 5,000 za pengo zimeshapata maelezo. La pili: serikali ilitoa asilimia ngapi ya stahili? Kama ilitoa asilimia 80 tu, 59,000 inakuwa 47,200, nayo ndiyo iliyoingia. Zile 11,800 zimebaki hazina.

Kwa hiyo shule hii haijaibiwa hata senti. Ina matatizo mawili tofauti yenye milango miwili tofauti: la takwimu linakwenda kwa ofisi inayopokea idadi za wanafunzi, ili wale 50 waingizwe, la utoaji pungufu linakwenda kwa mamlaka ya elimu ya eneo na kwa mwakilishi wenu wa kuchaguliwa. Kumzomea mwalimu mkuu hakutibu hata moja. Lakini kama hesabu ya makaratasi inasema zilitoka 47,200 na benki inaonyesha 31,000, basi kuna mahali kati ya hazina na shule zimekwama au zimechepushwa, na sasa kelele ina maana.

Kuchepushwa huko si hadithi. Uganda ilipofanya ufuatiliaji wa ruzuku za shule za msingi za miaka ya 1991 hadi 1995, ilionekana kwamba kwa wastani shule zilipata takriban asilimia 13 tu ya fedha zilizotolewa kwa ajili yao, zisizo za mishahara. Nyingi ziliishia ngazi ya wilaya. Serikali ikaanza kuchapisha magazetini kiasi kilichopelekwa kila wilaya, na shule zikatakiwa kubandika ukutani kiasi zilichopokea. Kufikia mwaka 2001 zaidi ya asilimia 80 ilikuwa inafika. Wachumi wamebishana ni kiasi gani cha mafanikio hayo kilitokana na magazeti na kiasi gani na mageuzi mengine ya wakati huo. Hata hivyo, hakuna aliyepinga kwamba mzazi asiyejua kiasi kilichotumwa hawezi kuuliza kilichopotea.

Nyaraka tano za kuomba

Omba kwa maandishi, kupitia kamati au bodi, na omba nyaraka, si “maelezo ya matumizi”. Maelezo hayana jumla ya chini.

Ya kwanza ni taarifa ya mgao: barua au ujumbe unaoonyesha kiasi kilichotumwa, tarehe na makusudi. Ya pili ni taarifa ya benki ya kipindi hicho hicho. Ya tatu ni daftari la fedha, ambapo kila kilichoingia na kutoka kimeandikwa kwa tarehe. Ya nne ni jalada la hati za malipo pamoja na ankara na stakabadhi zake. Ya tano ni leja ya stoo. Watu huisahau hii ya tano, na humo ndimo majibu mengi yalimo. Waliosema mali bila daftari hupotea bila habari walikuwa na maana hii hii.

Usijaribu kukagua kila kitu. Chagua malipo matatu makubwa ya muhula na uyafuate moja moja tangu mwanzo hadi mwisho. Tuseme yamelipiwa vitabu 120 vya hisabati. Muhtasari wa kikao uonyeshe kamati iliidhinisha lini. Kuwe na nukuu za bei, kwa kawaida tatu, kutoka kwa wauzaji tofauti. Ankara itaje jina la kitabu, darasa na bei ya kimoja. Hati ya mapokezi isainiwe na mtu aliyevihesabu, asiwe yule aliyesaini malipo. Leja ya stoo ionyeshe vimeingia 120 na vimegawiwa kwa nani. Halafu nenda darasani ukavihesabu. Ukikuta 97, bado usiseme wizi: angalia kwanza kama mwalimu wa darasa ana orodha ya waliopewa. Mara nyingi utakuta 15 wako navyo wanafunzi waliohama na 8 havijulikani viliko. Wale 15 waliohamia shule nyingine bila kurudisha vitabu ni kosa la utaratibu wa kuhama. Vile 8 ndivyo vya kufuatilia.

Dalili zinazostahili jicho la pili: stakabadhi za muuzaji mmoja zenye namba zinazofuatana ingawa tarehe zimeachana kwa miezi; nukuu tatu zenye mwandiko mmoja au kosa lile lile la tahajia; manunuzi yaliyokatwa vipande vipande ili kila kipande kiwe chini ya kiwango kinachohitaji idhini; matengenezo yanayolipwa kila mara kwa kiasi kamili kisicho na chenji, kama 500 au 1,000; na mtu mmoja anayeagiza, anayelipa na anayepokea. Hii ya mwisho ndiyo mbaya kuliko zote, kwani hata mtu mwaminifu hawezi kujitetea ikiwa kila saini ni yake.

Jambo moja la haki kwa walimu wakuu: wengi walisomea kufundisha, hawakusomea uhasibu. Hitilafu nyingi za shule ni fedha zilizochelewa, stakabadhi iliyopotea na daftari lililojazwa kwa kumbukumbu mwisho wa muhula. Anayeanza kwa kutuhumu hufungiwa mlango. Anayeanza kwa kuuliza “ruzuku ya muhula huu iliingia tarehe ngapi?” hupata jibu, na jibu hilo humpa swali linalofuata.

Mkimaliza, kamati iombe karatasi moja tu ibandikwe kwenye ubao wa matangazo kila muhula: salio la mwanzo, kilichoingia kwa kila chanzo, kilichotumika kwa mafungu, madeni ambayo hayajalipwa, na salio la mwisho. Mistari sita au saba inatosha. Ripoti ya kurasa kumi na mbili haisomwi na mtu, na wengine huiandika ndefu kwa sababu hiyo hiyo.

Mchango usiogeuka kuwa ada

Baada ya hesabu zote inaweza kuthibitika kwamba fedha hazitoshi. Wazazi wakiamua kuchangia, ni hiari yao, mradi wajue kwamba wanabeba kwa muda deni lisilo lao. Muhtasari wa kikao uandike hivyo, na barua ya kuidai serikali iendelee kuandikwa. Palipo na mchango wa kudumu bila barua, pengo huhesabiwa limeshazibwa.

Uamuzi wa mchango uwe na mambo manne yaliyoandikwa: unanunua nini, jumla inayohitajika, tarehe ya mwisho wa kukusanya, na zikizidi zitafanywa nini. Mchango usio na tarehe ya mwisho ni ada iliyojificha.

Kosa la kawaida la hesabu ni kugawa jumla kwa idadi ya wanafunzi. Gawa kwa kaya, na gawa kwa kaya zinazotarajiwa kulipa. Shule yetu ya mfano ina wanafunzi 640 kutoka kaya 410. Inahitajika 28,700. Ukigawa kwa kaya zote unapata 70 kwa kaya. Kama uzoefu unaonyesha saba katika kila kumi ndio hulipa, kaya 287 zitaleta 20,090, na mradi utasimama zikiwa zimepungua 8,610. Ndipo mkusanyaji anapopandwa na hasira na kuwageukia watoto. Ukigawa kwa 287 tangu mwanzo, ni 100 kwa kaya. Wenye uwezo watanung'unika, ni kweli. Waonyeshwe hesabu, waamue wakijua: ama 100 kwa wanaoweza, ama mradi upunguzwe ufikie kile ambacho 70 zitaleta. Kupunguza mradi si aibu. Choo cha matundu manne kilichokamilika kina faida kuliko cha nane kilichoishia kwenye msingi.

Msamaha kwa wasioweza uamuliwe na watu wawili au watatu, kimya kimya. Orodha ya wadaiwa isibandikwe. Anayetoa nguvu kazi au vifaa badala ya pesa athaminiwe kwa bei iliyokubaliwa kabla ya kazi na aandikiwe stakabadhi kama mwingine yeyote. Na mtoto asitumwe kudai wala kubeba pesa: fedha iende kwa mpokeaji aliyeteuliwa, itoke stakabadhi yenye nakala, iingie benki.

Shule ikizuia ripoti ya matokeo, mtihani au chumba cha darasa kwa ajili ya mchango, imelihamisha deni la mzazi na kumbebesha mwanafunzi. Hapo usibishane na mwalimu mlangoni. Omba agizo hilo liandikwe na kusainiwa. Mara nyingi agizo hufa hapo hapo, kwani hakuna anayetaka saini yake iwe chini ya maneno hayo.

Deni la mzazi ambalo halilipwi kwa pesa

Kuna mzazi aliyelipa kila mchango na bado anadaiwa. La kwanza ni mahudhurio. Kipimo kinachotumika sana Marekani na kwingineko ni asilimia 10: mtoto anayekosa sehemu ya kumi ya siku za masomo, kwa sababu yoyote, ahesabiwe mtoro sugu. Kwa mwaka wa siku 180 hizo ni siku 18, yaani siku mbili tu kwa mwezi katika miezi tisa. Ndiyo maana watu hushtuka: siku mbili kwa mwezi hazionekani. Brazil, kupitia mpango wake wa ruzuku kwa kaya maskini wa Bolsa Família, iliweka sharti la mahudhurio ya angalau asilimia 85 kwa watoto wa miaka 6 hadi 15, na hicho kilikuwa kiwango cha chini kabisa, hakikuwa shabaha.

Omba kuona rejista ya darasa mara moja kila mwezi, usingoje ripoti ya mwisho wa muhula. Usitazame jumla peke yake, tazama mpangilio. Jumatatu zinazokosekana huashiria mambo ya nyumbani wikiendi. Kukosekana siku za somo fulani huashiria woga wa mwalimu au wa somo. Binti anayekosa siku chache mfululizo kila mwezi huenda hana taulo za kike au shule haina choo chenye mlango. Siku zinazolingana na siku za kukusanya michango hazihitaji maelezo. Kila mpangilio unakurudisha kwenye zile safu tatu, na si zote zinaangukia kwa mtoto.

La pili ni daftari. Dakika kumi zinatosha, hata kwa mzazi asiyejua kusoma. Fungua ukurasa wa mwisho ulioandikwa: tarehe ni ya wiki hii? Wino wa mwalimu upo? Penye alama ya kosa, mtoto ameandika masahihisho chini yake? Daftari lenye vyema vitupu bila masahihisho yoyote kwa mwezi mzima linaonyesha mwalimu anapiga alama bila kusoma, au kazi ni rahisi mno. Kurasa zilizochanwa katikati ziulizwe kwa upole. Kisha mwambie mtoto akueleze zoezi moja kwa maneno yake. Akishindwa kulieleza zoezi alilopata lote, kuna jambo.

Mengine ni ya haraka: namba ya simu inayopatikana iwe shuleni, taarifa za ugonjwa zitolewe siku hiyo hiyo, wito wa mwalimu ujibiwe, na mtoto alale mapema.

Kumfanya mwanafunzi awajibike

Mtoto hawezi kuwajibika kwa jambo lisilopimika. “Awe na nidhamu” halipimiki. “Awe ndani ya darasa kengele ya kwanza inapogongwa” linapimika. Andikeni makubaliano ya ukurasa mmoja kati ya mwanafunzi, mzazi na mwalimu wa darasa, yenye mambo mawili, yasizidi matatu, kwa siku kumi za shule. Chini yake weka jedwali: tarehe kushuka chini, mambo hayo kwenda upande, na kisanduku cha saini fupi ya mwalimu kila siku. Mwanafunzi ndiye anayelibeba na kulipeleka kusainiwa. Kazi ya kulipeleka ni nusu ya uwajibikaji wenyewe.

Matokeo ya kutotimiza yaandikwe mapema na yafanane na kosa. Aliyechelewa anafidia dakika alizochelewa kwa kumalizia kazi baada ya masomo, hafyeki nyasi. Ambaye hakufanya kazi ya nyumbani anaifanya. Alama nane kati ya kumi zihesabiwe mafanikio, kwani anayedai kumi kwa kumi atamvunja moyo mtoto siku ya pili.

Mpango huu huharibika kwa njia zinazojulikana. Mwalimu wa darasa lenye watoto wengi husaini siku tatu, kisha husahau. Dawa ni kumpa mwanafunzi mwenyewe jukumu la kukumbusha, na kuwa na makubaliano ya watoto watatu au wanne tu kwa wakati mmoja. Mzazi naye huligeuza jedwali kuwa hati ya kuchapia, na mtoto anaanza kughushi saini. Viboko havina nafasi hapa: Afrika Kusini iliviondoa shuleni kisheria mwaka 1996 na Kenya mwaka 2001, na hata pale sheria inapoviruhusu, mtoto aliyechapwa huhesabu deni limelipwa. Kuchelewa kwake kunabaki pale pale.

Mali iliyoharibika

Hapa ndipo haki hupotea upesi, kwa hiyo kuwe na kanuni kabla ya kitu kuvunjika. Tofautisha uchakavu, ajali, uzembe na makusudi. Uchakavu na ajali ya kawaida ni gharama ya shule. Uzembe unagawanywa. Makusudi yanalipwa yote.

Kiasi kitokane na umri wa kitu. Kitabu kinachotarajiwa kudumu miaka minne kikipotea baada ya miaka mitatu kimebakiza robo ya thamani, na hiyo robo ndiyo inayodaiwa. Kudai bei ya kitabu kipya ni kumfanya mtoto mmoja alipie miaka mitatu ya watoto waliomtangulia. Ili hili liwezekane, kila kitabu kiwe na namba na mwaka wa kununuliwa ndani ya jalada, na kila anayekipokea asaini hali aliyokikuta nayo.

Malipo yanaweza kuwa ya kazi: kujalidi vitabu, kushona kurasa, kupiga msasa dawati alilolichora yeye mwenyewe. Kazi isifanyike saa za masomo, isiwe ya hatari, wala isiwe ya kudhalilisha mbele ya wenzake. Pesa ikilipwa itoke stakabadhi, na kitu kinunuliwe. Fidia ya kioo isipogeuka kuwa kioo ndani ya muhula, wazazi wana haki ya kuuliza.

Faini ya darasa zima iepukwe kabisa. Huadhibu wasiokosa, hufundisha watoto kufichiana, na polepole huwa chanzo cha mapato kisicho na daftari. Kama mkosaji hajulikani, gharama ni ya shule, na usimamizi uboreshwe.

Kikao, na barua kisiposaidia

Afrika Kusini ina utaratibu unaofaa kuigwa popote. Chini ya Sheria ya Shule ya mwaka 1996, bajeti ya shule lazima ipelekwe kwenye mkutano mkuu wa wazazi ulioitishwa kwa notisi ya siku zisizopungua 30, na nakala iwe wazi shuleni kukaguliwa angalau siku 14 kabla. Ndipo wazazi waliohudhuria wapige kura. India nayo, kwa Sheria ya Haki ya Elimu ya mwaka 2009, inataka robo tatu ya wajumbe wa kamati za usimamizi wa shule wawe wazazi au walezi, na nusu ya wajumbe wawe wanawake.

Hata pasipo na sheria kama hizo, mnaweza kudai mpangilio wa ajenda: taarifa ya fedha zilizopita itangulie ombi la fedha mpya. Vikao vingi huupindua, mchango unapitishwa mapema na taarifa inasomwa watu wakishaanza kuondoka. Maswali yapelekwe kwa maandishi siku saba kabla ili mhasibu aje na majibu. Na kila azimio liandikwe na jina la atakayelitekeleza na tarehe. Azimio la “tumekubaliana lifuatiliwe” halina mwenyewe.

Majibu yasipopatikana, panda ngazi kwa mpangilio: mwalimu wa darasa, mwalimu mkuu, mwenyekiti wa kamati au bodi, ofisi ya elimu ya eneo, kisha wakaguzi. Ukiruka ngazi barua hurudishwa chini, na miezi imepotea. Barua iwe ya ukurasa mmoja: nini kilitakiwa, nini kimetokea, tofauti ni kiasi gani, unaomba nini, kufikia lini. Siku kumi za kazi ni muda wa haki. Ambatisha nakala, asili ubaki nazo, na nakala yako igongwe mhuri wa kupokelewa.

Barua ya fedha isitiwe saini na mzazi mmoja. Watano au sita wenye watoto katika madarasa tofauti wakisaini, ni vigumu mtoto mmoja kulipiziwa kisasi. Suala la mwanao peke yake, kama nidhamu au mahudhurio, lisiingie kwenye barua hiyo hata kwa sentensi moja. Liandikiwe barua yake, kwa mwalimu wake. Majibu yakija, nakala iingie kwenye jalada la kamati pamoja na muhtasari wa kikao, ili wajumbe wapya wasianze kuuliza upya.